Siku Zilizofumuliwa

6 Januari

Kaka,

Shikamoo. Hapa kwetu tupo. Shemeji yako goti limevimba tena, na bado anapanda ngazi kutengeneza taa ambayo haijaharibika. Kazini mashuka ni mengi kuliko mikono. Hospitali imefungua wodi mpya bila kununua shuka hata moja, kwa hiyo yale yaliyochakaa katikati nayapasua, nageuza kingo ndizo zikae katikati, nashona, yanarudi kitandani. Mgonjwa hajui kama amelalia mshono. Mimi najua, na nalala vizuri tu.

Umeuliza habari zetu? Hujauliza. Nimekupa hivyohivyo.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Wifi amenipigia simu. Daktari amekukuta na sukari, na si ya jana wala juzi. Amekwambia utembee nusu saa kila siku, uache kutia sukari kwenye chai, na uangalie nyayo zako kila jioni. Mambo matatu, ambayo mtu mwingine angeanza akiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Ilikuwa tarehe kumi na nne Desemba. Leo ni tarehe sita Januari na wewe hujatembea hata mpaka dukani kwa jirani, kwa sababu, nasikia, unasubiri viatu. Fundi viatu amekushonea jozi ukamrudishia, eti kisigino cha kushoto kimezidi cha kulia kwa unene wa ukucha. Akashona upya. Umemrudishia tena.

Kaka, una viatu vyeusi vya kazini vya miaka kumi, vinaujua mguu wako kuliko unavyoujua wewe. Vaa hivyo, toka nje, tembea.

Usinipigie kunijibu. Simu yako sipokei na sababu unaijua. Kila neno la tatu unanikata ili unirekebishe. Karatasi haina mdomo. Andika.

Dada yako.


21 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata tarehe kumi na tano, imeandikwa nyuma ya fomu ya kufulia nguo na ina doa la mafuta ya cherehani pembeni. Nimeisoma hivyohivyo.

Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimu, na nimemwambia kwamba mwili wangu si habari ya kupigiana simu. Kazi ni nzuri. Nina koti la mwalimu mkuu ambaye bega lake moja limelala. Nimelifumua mara mbili, sasa likivaliwa hakuna anayejua kama bega limelala. Najua mtaani wananiita Fundi Fumua. Waniite. Wanaoniita hivyo ndio haohao wanaoleta vitambaa vyao.

Kuhusu jambo ulilojitwika bila kutumwa: mimi sibahatishi. Nimechukua kalenda ya ukutani, nimeipiga mistari kwa rula, na kila siku ina visanduku vitatu: kutembea, chai, nyayo. Natia alama kwa wino mwekundu. Mpango ni siku tisini mfululizo bila pengo. Viatu vilikuja tarehe nane na nilianza siku hiyohiyo. Siku ya saba mteja alining'ang'ania dukani, nikatembea dakika ishirini tu. Dakika ishirini si nusu saa. Kwa hiyo nimezifuta zote na nimeanza upya Jumatatu.

Marehemu baba alitufundisha sote wawili kwenye meza moja: mshono mmoja ukipinda, fumua wote, kwa sababu jicho la mteja litaanzia hapo. Mimi nililishika neno hilo. Wewe ulilikataa, ndiyo maana leo unashona mashuka ya wagonjwa na mimi nashona makoti. Sikusemi vibaya, Bibi Kiraka. Kila mtu na kiwango chake.

Haraka haraka haina baraka.

Kaka yako.


5 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu nililelewa, si kwa sababu nimependa.

Goti la shemeji yako limepungua. Wodi mpya imejaa. Sina habari nyingine ya kukupa, na nina hasira mpaka uzi unanikatikia.

Kiwango changu, umesema. Haya, tuongee viwango. Wifi anasema tangu mwaka uanze umeanza upya mara nne. Mara ya pili ulisahau ukatia sukari msibani. Mara ya tatu ulilala na hukuangalia nyayo. Nimejumlisha siku ulizotembea kwa kumuuliza moja moja: ni kumi na tisa. Kumi na tisa, kaka! Lakini ukutani kwako zimeandikwa tatu. Hizo kumi na sita umezipeleka wapi? Miguu yako ilizitembea na damu yako ilizipata. Kalenda tu ndiyo inayozikana, na wewe unaiamini kalenda kuliko damu yako.

Na usinitajie tena kanuni ya baba, maana mimi ndiye niliyeivaa.

Umesahau? Sijasahau. Ulisema dada yangu haolewi na gauni la dukani, nitamshonea mimi. Mara ya kwanza kiuno kilipinda, ukafumua, nikasema sawa. Mara ya pili mkono. Mara ya tatu zipu ilikuwa na wimbi ambalo uliliona wewe peke yako. Mara ya nne zimebaki siku mbili niolewe, nimekuja asubuhi nikakuta satini yangu mezani, vipande kumi na moja, na wewe umekaa unakunywa chai. Niliolewa na gauni la jirani aliyenizidi kilo ishirini, limebanwa pini kumi na saba mgongoni. Kila aliyenikumbatia alichomwa. Kwenye picha zote watu wanatabasamu kwa mbali.

Miaka ishirini na miwili. Hujasema neno. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mashuka ya wodi ya upasuaji yote hupita mikononi mwangu. Nayajua ya wenye sukari, najua wanaingia na nini na wanatoka na nini. Sisemi zaidi. Tembea, ukikosa tembea kesho yake, wala usimwambie mtu.

Dada yako.


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikawia kujibu kwa sababu sikutaka kujibu kwa maneno. Shemeji mwambie aache taa za watu. Huku mvua zimeanza na duka linavuja upande wa vitambaa vya bitana, nimevihamisha vyote.

Leo ni siku ya thelathini na sita. Isome tena hiyo namba. Tangu tarehe kumi Februari sijakosa kitu. Visanduku mia moja na nane, vyote vyekundu. Mvua ikinyesha natembea ndani ya mvua. Siku ya ishirini na mbili nilikuwa na homa, nikatembea. Saa naishika mkononi, na nusu saa yangu haipungui wala haizidi. Wifi yako alioka keki ya kuzaliwa kwangu, nikaiangalia mpaka ikaliwa na wengine.

Siku ya thelathini kiatu cha kulia kilinichubua kidole kidogo. Lengelenge limepasuka na limeacha kijidonda. Hakiumi. Nimekifunga kwa kipande cha bitana na kuendelea, maana safu ya siku thelathini haivunjwi kwa ajili ya kidole kisichozidi kifungo cha koti. Na kisanduku cha nyayo nakitia alama kila jioni kama kawaida. Kimeandikwa "kuangalia", nami naangalia.

Kuhusu lile jambo la zamani ulilolitaja, sina la kusema.

Sasa niambie, katika sisi wawili, nani alishika kanuni sahihi?

Kaka yako.


22 Machi, kwa mkono wa dereva wa basi

Kaka,

Leo sikuamkii. Barua yako imefika saa nne asubuhi na nimeisoma nimesimama. Nimekupigia mara tisa, hupokei. Sawa, mkuki kwa nguruwe, nimeuonja. Simu ya wifi imezimwa.

Vua hivyo viatu. Usitembee hata hatua moja. Kidonda cha mguu kwa mwenye sukari si lengelenge la mtu aliyetoka matembezini. Unasema hakiumi kana kwamba ni sifa. Kutouma ndiko kunakowaleta huku kwetu. Nenda hospitali leo, si Jumatatu, si baada ya siku ya tisini. Wakwambie kaa, ukae.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekwambia utembee, na mimi ndiye ninayekwambia usitembee. Kalenda nitakununulia mia. Mguu sijui unauzwa wapi.

Mpumbavu wewe. Nenda.

Dada yako.


14 Aprili

Kaka,

Wifi amenieleza. Nilijua siku ileile uliyolazwa.

Amenieleza pia kwamba umekataza nisije mpaka bandeji itoke na uweze kusimama wima, kwa kuwa hutaki kuonwa ukiwa hivyo. Hata kitanda cha hospitali umekifanya chumba cha kujaribia nguo.

Hapa tupo. Goti limepona.

Dada yako.


9 Mei

Mdogo wangu,

Nimerudi nyumbani. Huku ni wazima, ukiwatoa wasio wazima.

Barua yako ya dereva wa basi ilinifikia siku ya arobaini na mbili, saa kumi jioni. Niliisoma yote. Kisha nikavaa viatu nikaenda kutembea, kwa sababu ilikuwa bado sijatia alama. Nakuambia hili kabla hujaambiwa na mwingine. Niliendelea mpaka siku ya arobaini na saba. Asubuhi iliyofuata kidole kilikuwa cheusi na mguu umevimba mpaka kwenye enka, na wifi yako akanibeba na majirani kama godoro. Wamekikata. Furahi, ulinionya.

Kalenda nimeing'oa ukutani. Chai nakunywa na vijiko vitatu. Daktari alipita akanipa viatu vya hospitali, vipana na vibaya kama masufuria, akasema kidonda kikifunga nianze tena polepole, la sivyo safari ijayo hatutazungumzia kidole, tutazungumzia mguu. Nilimsikiliza kwa adabu. Nianze tena nini? Nilifanya kila kitu bila kosa siku arobaini na saba na malipo yangu ndiyo haya. Kitambaa kikishachanika hivi hakuna fundi anayekigusa. Mimi nisingekigusa.

Usinijibu kwa methali. Na usije.

Kaka yako.


16 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Sikufurahi. Sijawahi kufurahi hata kidogo, na ukiandika tena neno hilo nitachoma barua zako zote. Siku ile ya kidole nilifunga begi nikafika mpaka kituo cha basi. Nilikaa kwenye benchi saa mbili, nikarudi. Nilijiambia siendi kwa mtu ambaye hajaniomba radhi. Nilitaka kwanza uniombe vizuri. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyerithi kanuni ya baba.

Ulisema nisije na methali. Nakuletea kitu kingine, ambacho nilikificha miaka minne.

Nina sukari na mimi.

Kaa chini ikiwa umesimama. Miaka minne. Sikukwambia kwa sababu nilikujua. Ungenichorea visanduku. Ungenipigia kila jioni kuniuliza dakika, na siku nikikosa ungeninyamazia kama ulivyoninyamazia utotoni nilipopinda mshono. Nilipendelea kuugua kwa amani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na mimi sikuwa nikimficha mwingine ila wewe.

Sasa sikiliza ninavyofanya, maana ni aibu tupu. Natembea nikitoka kazini, nashuka kituo kimoja kabla. Mvua ikinyesha sishuki. Nikichoka sishuki. Shemeji yako akinipigia kwamba chakula kinapoa, sishuki. Wiki nyingine ni siku nne, wiki nyingine moja. Chai nilishindwa kuinywa kavu, nikapunguza kijiko kimoja, miezi mitatu baadaye nusu kijiko, na hapo kwenye nusu nimegoma mpaka leo. Kwenye arusi ya binti wa msimamizi wangu nilikula keki vipande viwili na nikaramba kisu. Kesho yake nikashuka kituo kimoja kabla. Hakuna kalenda inayonijua. Mwezi uliopita daktari amenipima akasema endelea hivyohivyo. Nimeishi miaka minne na vidole kumi kwa kazi ambayo wewe ungeifumua siku ya kwanza.

Unasema ulifanya kila kitu bila kosa. Kaka, ulifanya kosa moja siku ya thelathini na ukalitia alama nyekundu kila jioni. Kalenda ilikwambia uangalie mguu, ukauangalia. Haikukwambia uuhurumie.

Na hicho kitambaa unachosema hakuna fundi anayekigusa, mimi ndiyo kazi yangu. Kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tisa mchana nashika vitambaa ambavyo wewe ungevitupa. Mwili haufumuliwi ukaanza na vipande vipya. Huo ulionao ndio huo. Utie kiraka, ukae nao.

Sitaki barua nzuri tena. Mwandiko wako kama wa karani wa mahakama, hakuna neno lililokatwa, na ndani yake hakuna mtu. Ukipata cha kuniandikia, niandikie siku uliyokosa, na siku iliyofuata ulifanya nini. Ukishindwa, basi. Mimi nimechoka kukupenda kwa makombora.

Dada yako.


28 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa karatasi. Nimeandika nyuma ya ile kalenda, kurasa za Juni na Julai. Wifi yako aliiokota nilipoing'oa akaificha kabatini chini ya mashuka, akanirudishia nilipoanza tena. Hapo juu nimekata mstari mzima na wino umevuja. Mkono ulitaka kuchukua karatasi nyingine. Nimeukalia.

Habari za huku: mwalimu mkuu amelichukua koti. Duka bado linavuja. Wifi yako mzima, ananisemesha.

Umenisubiri miezi mitatu na najua ulinitukana. Nilikuandikia barua sita. Kila moja ilikuwa na mahali pasipokaa sawa, nikaichana. Wifi yako amenikuta na ya sita mkononi, akaninyang'anya kikapu cha taka, akasema kama hii ya saba haitafika posta yeye mwenyewe ataziunga zile sita kwa gundi azitume pamoja na maelezo yake. Kwa hiyo hii unayoisoma ni ya kutishwa. Lakini ni yangu.

Nilikasirika sana uliponiambia una sukari. Bado nimekasirika. Miaka minne mtu wa tumbo moja anaugua na mimi nashona vifungo. Kisha nikajiuliza ningefanya nini ungeniambia, na nikaona ningechora visanduku. Ulikuwa sahihi. Sentensi hiyo imenichukua wiki mbili.

Sasa lile jambo. Gauni.

Mara ya kwanza kiuno kilipinda kweli. Mara ya pili mkono, kweli. Zipu ilikuwa na wimbi, usibishe, lilikuwepo. Mara ya nne halikuwa na kosa. Nililitundika, nikalizunguka, nikatafuta kosa mpaka macho yakauma, sikuona. Na hapo ndipo nilipoogopa. Baba alikuwa bado hai, angekaa mstari wa mbele, na watu wote wangekuwa wanaangalia kazi yangu kutwa nzima. Mimi sikuona kosa, lakini yeye je? Koti la mteja linaondoka dukani na sikumbuki tena. Gauni lako ningeishi nalo kwenye picha. Nikashika mkasi. Nilipomaliza kulifumua nilihisi nafuu, na wewe ukaingia. Hiyo chai uliyoniona nayo, nilikuwa nimeishika tu ili mikono iwe na kitu cha kushika.

Hapo nimekata neno. Lilikuwa zuri kuliko lililobaki.

Nisamehe. Nilitaka kuliandika neno hilo mahali pake, baada ya maelezo yaliyopangwa vizuri, na limeangukia hapa. Nisamehe, dada. Pini kumi na saba nazijua, nilizihesabu nikiwa nyuma yako. Sikukukumbatia siku ile kwa sababu niliona haya, halafu haya ikazoea kukaa, ikawa ndugu wa tatu.

Ulitaka siku niliyokosa. Nilianza tarehe kumi na sita Juni, na viatu vile vya masufuria. Siku ya kwanza nilifika kwa muuza magazeti, dakika sita, nikarudi. Siku ya tatu sikutoka, nililala na kununa. Siku ya nne mkono ulikwenda kufuta zile mbili. Nilikaa mbele ya kalenda na kifutio, wifi yako anapika anajifanya hanioni. Nikatoka dakika sita. Sijui kama unaelewa ilivyokuwa ngumu kuacha lile pengo pale katikati linanitazama. Chai imekuwa kijiko kimoja. Wiki iliyopita ilikuwa viwili. Kidonda kimefunga, na kikichubuka sitembei, naandika tu "mguu" na kulala.

Jana sikutembea. Sikuwa na sababu. Sikutaka tu.

Leo nimetembea.

Kaka yako.


6 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Shemeji yako anakusalimu. Ametengeneza taa mpaka ikaharibika kweli, tunakaa gizani.

Barua yako imefika na nimeipeleka kazini. Nimeigeuza nikahesabu: Juni na Julai, alama thelathini na moja, mapengo kumi na tano. Upande wa pili, maneno yaliyokatwa tisa, na doa moja ambalo sijui ni chai au ni nini, nawe usiniambie. Nimeibandika ukutani juu ya cherehani, upande wenye mapengo ndio unaotazama watu. Mwenzangu wa zamu ameuliza ni ramani ya nini. Nimemwambia ni kazi ya kaka yangu, fundi mkubwa.

Halikuwa na kosa. Miaka ishirini na miwili nilidhani nilikuwa na mwili mbaya usiokaa nguo. Nililia hapa chumba cha mashuka, nikapangusia foronya ya serikali. Kisha nikakasirika upya, zaidi ya mwanzo, kwa sababu ungeweza kuniambia hilo siku ileile na ningevaa hata nusu yake, hata na bandi za kushikizia nje nje.

Usinitumie gauni. Najua satini bado unayo, na najua umeshafikiria. Ukilianza hutalimaliza, na mimi sina tena kile kiuno. Shona makoti, utembee.

Jumamosi saa kumi nipigie. Nitapokea. Ukinikata neno nitakata simu, halafu utapiga tena.

Ulitaka nikusamehe na nilipanga kukujibu hilo vizuri. Nimeshindwa, kwa hiyo chukua lilivyo. Jumatatu nilisoma mpaka kwenye pini na nikakuchukia. Jana sikukusamehe. Leo nimekusamehe kidogo, tangu asubuhi mpaka karibu saa nane.

Kesho nitajaribu tena.

Bibi Kiraka.